Somo la Shamba: Majani Yanavyozaa, na Jembe Linavyokosea



Hakuna mwenye mikarafuu asiyeijua gharama ya palizi. Mvua ikishanyesha wiki mbili tatu, majani huwa yamekwisha kufika magotini, na miche iliyopandwa mwaka jana haionekani. Mwenye shamba hutafuta vibarua, hulipa, shamba likawa jeupe. Haupiti muda, majani yako pale pale, na pengine yamezidi. Wengi wetu husema, "Ardhi hii imeharibika," au humlaumu kibarua kuwa hakulima kwa moyo. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si la ardhi wala si la kibarua. Kosa ni kuwa tunayapiga majani yote kwa jembe moja na kwa wakati mmoja, ilhali majani hayazai yote kwa njia moja.

Katika somo hili tutaeleza habari za majani ya namna tatu. Yote matatu ni malisho mazuri ya ng'ombe, lakini yakiingia pasipotakiwa huwa magugu mabaya. Nayo ni majani tembo, ukoka, na yale majani marefu ya mafungu mafungu ambayo wataalamu huyaita majani ya Guinea. Tutaona kuwa siri ya kila moja imo katika hesabu ndogo iliyofichika ndani ya mmea wenyewe. Mwenye kuielewa hesabu hiyo atajua lini alime, lini afyeke, na lini aweke jembe chini. Somo si gumu, ila linataka kusomwa taratibu, kipande kwa kipande.

1. Nyuzi za urithi

Kila mmea, kama kila mnyama, umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe zimo nyuzi fupi ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizi ndizo zinazobeba urithi: mmea uwe mrefu au mfupi, jani liwe pana au jembamba, mmea uvumilie kivuli au ukishindwe.

Kila aina ya mmea ina hesabu yake ya kromosomu, na kwa kawaida huenda mbili mbili, moja kutoka kwa baba na mwenziwe kutoka kwa mama. Chukua uwele, nafaka tunayoijua sote. Uwele una kromosomu 14, yaani jozi 7. Ua la uwele linapotengeneza unga wa kiume na yai la kike, kila kromosomu humtafuta mwenziwe, zikakabiliana, kisha zikaachana, moja ikaenda huku na moja kule. Kwa hiyo unga wa kiume hupata 7, na yai hupata 7. Vikiungana, mtoto anakuwa na 14 kama wazee wake. Hesabu haikuzidi wala haikupungua.

Basi ushike mgawanyo huu wa nusu kwa nusu, maana ndio ufunguo wa somo zima. Ukienda sawa, mbegu hupatikana. Ukienda kombo, mbegu huharibika kabla ya kuwa mbegu.

Mfano uko nyuma ya nyumba zetu. Kwa nini ndizi tunazokula hazina mbegu? Migomba ya mwituni ina kromosomu 22, yaani jozi 11, na ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama changarawe. Lakini migomba mingi tunayoipanda ina kromosomu 33, maana yake kila moja iko mara tatu. Wakati wa kukabiliana, wawili wakishikana, wa tatu hana mwenzi, huangukia upande wowote. Upande mmoja hupata nyingi, upande wa pili hupata chache, na hesabu huvurugika. Hiyo ni sababu moja kubwa ya ndizi kukosa mbegu, na ndiyo maana mgomba tunaupanda kwa chipukizi. Hakuna aliyepata kupanda punje ya mbegu ya ndizi yake ya kupika.

Sasa tuyaendee majani.

2. Majani tembo na uwele: hesabu ya 21

Majani tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo, ni ndugu wa uwele. Uwele una kromosomu 14. Majani tembo yana 28. Kwa kuwa ni ndugu, unga wa mmoja unaweza kuzalisha ua la mwingine. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Glenn Burton, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Tifton, jimbo la Georgia, alieleza habari za machotara hao mwaka 1944, na baada yake wametengenezwa katika nchi nyingi.

Tufanye hesabu. Uwele hutoa nusu yake, 7. Majani tembo hutoa nusu yake, 14. Mtoto anapata 21. Mtoto huyo ni mkubwa na mwenye nguvu, na majani yake hupendwa na ng'ombe. Lakini anapotaka kuzaa, mambo hugoma. Zile 7 za uwele hupata wenzi 7 walio karibu nazo kwa upande wa majani tembo. Zilizobaki 7 hazina mwenzi. Huelea tu, zikaenda ovyo. Unga wake wa kiume hauna nguvu, na mbegu hazipatikani. Chotara huyu ni tasa.

Je, utasa huu ni hasara? Kwa mwenye karafuu ni faida. Majani ya namna hii ukiyapanda ukingoni mwa shamba kwa ajili ya ng'ombe, hayatarusha mbegu katikati ya mikarafuu. Yatakaa pale ulipoyaweka, ila vipande vya shina vikitupwa ovyo penye unyevu vitachipua. Hupandwa kwa vipande vya shina, kila kipande kiwe na pingili tatu au zaidi, na mbili zifukiwe.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa mfuko wako. Mtu akikujia na kifuko cha mbegu, akakwambia, "Hizi ni mbegu za chotara wa majani tembo na uwele, wale wenye kromosomu 21," mshukuru umwache aende zake. Chotara huyo hana mbegu za kuuza. Anachouza ni kitu kingine.

Ni kweli kuwa wataalamu wameweza kumponya utasa. Iko dawa iitwayo kolkisini, ambayo chembe ikitiwa, kromosomu zake huongezeka mara mbili. Basi 21 huwa 42, kila moja sasa ina mwenziwe, mgawanyo unakwenda sawa, na mbegu zinapatikana. Tumeitaja habari hii ili msomaji aone kuwa hesabu ndiyo yenye amri. Mmea ni ule ule, lakini alipopatikana mwenzi wa kila mmoja, uzazi ulirudi.

3. Ukoka: adui wa pamba aliyegeuzwa rafiki

Ukoka hauhitaji kuelezwa. Unatambaa juu ya ardhi, unatambaa chini ya ardhi, na kila fundo la shina lake linaweza kuota mizizi. Ukoka wa kawaida mara nyingi una kromosomu 36, ingawa uko pia wenye 18.

Ukoka wenye 36 mgawanyo wake unaweza kwenda vizuri, kwa kuwa 36 inagawika. Hata hivyo mbegu zake mara nyingi ni chache, na sababu yake ni nyingine. Ua la ukoka kwa kawaida hulikataa vumbi la mmea wake wenyewe. Na kiwanja kizima cha ukoka kinaweza kuwa mmea mmoja tu uliotambaa miaka mingi. Maua ni maelfu, lakini wote ni mtu mmoja, na hakuna wa kuzalishana naye. Kwa hiyo tegemeo lake kubwa ni kutambaa.

Wakulima wa pamba wa kusini mwa Marekani waliuchukia ukoka kama tunavyouchukia sisi, maana uliziba mashamba yao. Huyo huyo Burton alipofika Tifton mwaka 1936 aliutazama kwa jicho la pili. Aliuzalisha ukoka uliopatikana katika shamba la zamani la pamba pamoja na ukoka mrefu uliotoka Afrika ya Kusini, akachagua mtoto mmoja bora. Ukoka huo, ulioitwa Coastal, ulitolewa kwa wakulima mwaka 1943, ukaenea katika mamilioni ya eka za malisho. Mbegu zake zinazoota ni chache mno, kwa hiyo hupandwa kwa vipande vya shina, na mkulima jirani hakuogopa kuwa upepo utamletea.

Baadaye ukoka wa 36 uliunganishwa na ndugu yake mfupi wa Afrika ya Kusini mwenye 18. Msomaji sasa anaweza kufanya hesabu mwenyewe: nusu ya 36 ni 18, nusu ya 18 ni 9, jumla 27. Kila kromosomu mara tatu, kama mgomba. Tasa. Aina mbili za ukoka wa 27, Tifgreen ya mwaka 1956 na Tifway ya mwaka 1960, zimefunika viwanja vya michezo katika nchi nyingi, na zote hupandwa kwa vipande, kwani mbegu hazina.

Sasa turudi shambani kwetu, maana hapa ndipo jembe linapokosea. Tazama mmea ambao tegemeo lake si mbegu bali ni vipande. Nasi tunafanya nini? Tunauingilia kwa jembe wakati wa mvua, tunaukatakata vipande, tunavitawanya shamba zima, na mvua inavimwagilia. Mwenye shamba anadhani amelipa palizi, kumbe amelipa kupandiwa ukoka. Kila kipande chenye fundo ni mche. Na kibarua akilima kwa bidii zaidi, vipande vinakuwa vingi zaidi.

Ukoka una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, haupendi kukauka. Ung'olewe wakati wa jua kali, udongo ukiwa mkavu, uinuliwe kwa uma au jembe bila kukatwakatwa, ukung'utwe mchanga, uachwe juani mizizi ikitazama juu, kisha ukusanywe utolewe. Pili, haupendi kivuli. Mikarafuu ikishakua na kufunga matawi, ukoka hudhoofika wenyewe. Hatari yake ni katika miaka ya mwanzo, miche ikiwa midogo na jua likipiga ardhi. Basi nguvu ya kuung'oa itumike kabla ya kupanda miche na katika miaka hiyo ya mwanzo. Na karibu na shina la mkarafuu usichimbe kwa kina, kwani mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko juu juu. Hapo tumia mkono.

4. Majani ya Guinea: mbegu isiyo na baba

Haya ndiyo majani ya ajabu kupita yote. Ni marefu, huota kwa mafungu, na masuke yake yametawanyika kama ufagio uliofunguka. Jina lake ni la Guinea, lakini asili yake ni Afrika, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa nchi zake hasa. Hayaogopi kivuli, na kwa hiyo huota hata chini ya mikarafuu mikubwa na minazi.

Mengi ya majani haya yana kromosomu 32, yaani seti nne za 8. Hesabu ya namna hii mara nyingi huleta matata wakati wa mgawanyo, kwa kuwa kila kromosomu inaweza kushikana na yeyote kati ya wenziwe watatu, na mara nyingine zote nne hushikamana pamoja. Mtu angetarajia mbegu ziharibike nyingi. Lakini majani ya Guinea yanazaa sana. Vipi?

Jibu lilielezwa mwaka 1954 na H. E. Warmke, aliyeyachunguza majani haya katika kisiwa cha Puerto Rico. Majani haya yanaukwepa mgawanyo. Ndani ya ua, pale ambapo yai lenye nusu ya kromosomu lingekaa, hukua chembe nyingine ya mwili wa mama, yenye 32 kamili. Chembe hiyo ndiyo inayogeuka mtoto. Haikugawanywa, wala haikuungana na kitu cha baba. Vumbi la kiume bado linatakiwa, lakini kazi yake ni kuanzisha chakula cha mbegu tu, kile kiini cheupe kinachomlisha mtoto. Baba analeta chakula mlangoni, lakini katika damu ya mtoto hamna lake hata kidogo.

Kwa hiyo mbegu ya majani ya Guinea, isipokuwa chache sana, ni mama yule yule aliyezaliwa tena. Mkulima apate kwa jambo hili mafunzo matatu.

La kwanza: fungu moja lililosahauliwa linatosha. Halihitaji jirani wa kuzalishana naye kama ukoka. Vumbi lake lenyewe linatosha kuanzisha chakula cha mbegu.

La pili: mama aliyestahimili kivuli cha mikarafuu yako na mkato wa panga lako, watoto wake wote watastahimili vile vile. Kila mwaka unaoacha masuke yaive, unajichagulia mwenyewe magugu yanayolifaa shamba lako.

La tatu: kwa malisho, fungu zuri likipatikana, mbegu zake zitatoa majani yale yale bila kubadilika. Ni neema kwa mfugaji. Lakini kama yote ni mtu mmoja, ugonjwa ukilipata moja umeyapata yote.

Sifa hii iliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Utapataje aina mpya iliyo bora, ikiwa baba haingii katika mtoto? Mlango ulifunguka karibu na kwetu. Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa, Combes na Pernès, walizunguka Kenya na Tanzania wakikusanya majani ya Guinea. Katika sehemu za Korogwe, mkoa wa Tanga, walikuta majani yenye kromosomu 16 tu, yaani jozi 8, na haya yanazaa kwa baba na mama kama uwele. Kwa ile dawa ya kolkisini, 16 zilifanywa 32, na hapo yakaweza kuunganishwa na ndugu zao wa kawaida. Katika watoto waliopatikana, karibu nusu walizaa kwa baba na mama, na karibu nusu walirudia mbegu isiyo na baba. Ikawa sasa unaweza kuchanganya damu upate aina bora, kisha ukaifunga isibadilike.

Mbegu zilizokusanywa katika safari hizo zilifika hadi Brazil. Aina mbili zilizochaguliwa huko zinapandwa katika malisho makubwa sana ya ng'ombe. Moja, iliyotolewa mwaka 1990, inaitwa Tanzânia. Ya pili, iliyotolewa mwaka 1993, inaitwa Mombaça, yaani Mombasa. Zote mbili zilichukuliwa sehemu za Korogwe. Jani tunalolitukana hapa kwa kutuzibia miche, ng'ambo ya bahari limetajirisha watu.

5. Tufanye nini?

Haya sasa ni ya kufanya, kwa mpango wa hesabu tuliyoiona.

Majani ya Guinea hayana shina refu la kutambaa. Hapa jembe ni dawa nzuri: ling'oe fungu zima na mizizi yake, hata wakati wa mvua. Usipoweza kung'oa, fyeka kabla masuke hayajatoka. Mbegu zake huiva na kudondoka kidogo kidogo, na mbegu mbichi mara nyingi hulala ardhini miezi kadhaa kabla ya kuota. Kwa hiyo kuchelewa kwa wiki chache mwaka huu utakulipa kwa palizi za mwaka ujao. Ukikata kwa ajili ya ng'ombe, kata yakiwa machanga. Ndio wakati ng'ombe huyapenda, na tita lako halitamwaga mbegu njiani. Tena usiyaache yakauke yakisimama katika shamba, maana huwaka kwa moto mkali, na mkarafuu haustahimili moto.

Ukoka usikatwekatwe. Ng'oa kiangazi, anika, toa nje. Wakati wa mvua fyeka tu juu juu kuzunguka miche, jembe liwe ndani.

Majani tembo na chotara wake wa 21 wapandwe ukingoni kwa vipande vya shina. Mabaki yasitupwe penye unyevu.

Ndugu mwanachama, kabla ya kuita vibarua msimu ujao, zunguka shamba lako siku moja peke yako. Shika kila jani uliulize: wewe wazaa kwa mbegu au kwa kipande? Likikujibu, utajua fedha yako uitumie wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa shamba ni suke moja lililoachwa likaiva.

Maswali ya kujipima

1. Mmea mmoja una kromosomu 28, na ndugu yake ana 14. Mtoto wao atakuwa na ngapi, na kwa nini atakuwa tasa?

2. Kiwanja kimejaa ukoka wenye maua mengi, lakini mbegu ni chache. Toa sababu.

3. Vumbi la kiume lina kazi gani katika mbegu ya majani ya Guinea, ikiwa mtoto hana baba?

4. Mvua inanyesha, na shambani mna ukoka upande mmoja na majani ya Guinea upande wa pili. Una fedha ya vibarua wa siku moja tu. Utawapeleka upande gani, na kwa nini?

Swali la nne ndilo kubwa. Mwenye kulijibu vizuri amekwisha kuirudisha saa aliyoitumia kusoma somo hili.